Mshono wa Majaribio

"Cherehani ya kunidanganya mimi haijatengenezwa," Shomvi alimwambia mkewe Tunu, aliyeitamani ile kuukuu iliyokuwa ikiuzwa na Bi Mwanahawa ili aanze kushonea watu nyumbani. Akaketi, akatia kipande cha kanga, akakanyaga kwa mbwembwe.

"Bibi, hii imechoka. Mshono haushiki kabisa! Punguza nusu, la sivyo tunaondoka."

"Nendeni salama, baba," alijibu Bi Mwanahawa.

Tunu akauma mdomo. Shomvi akainuka kwa maringo, akapiga hatua. Kipande cha kanga kikamfuata, kimeshonwa kwenye mkono wa kanzu yake.

Akavuta. Akavuta tena.

"Polepole, mwanangu," alisema Bi Mwanahawa. "Itachanika kanzu, mshono ubaki."

Shomvi alipogeuka, Tunu alikuwa ameshakikalia kiti, mguu kwenye kanyagio.