Sehemu Mbili za Diski

Siku hizo kumbukumbu za watu zilihifadhiwa kwenye diski ya nyumba, kila mtu na sehemu yake. Asubuhi mfumo uliposasishwa, Mwanaharusi alimkuta mumewe, Shekue, akilia jikoni.

"Nimemkumbuka mama akinisuka nywele," alisema Shekue.

Mama huyo alikuwa wa Mwanaharusi, na Shekue hakuwahi kumwona.

Mwanaharusi akamwita fundi, naye akaikagua diski. "Mfumo mpya umeziunganisha sehemu zenu. Naweza kuzitenganisha, dada, lakini moja itafutika."

"Ipi?"

"Mtachagua wenyewe."

Mwanaharusi alipogeuka, Shekue alikuwa ameshaandika jina lake mwenyewe kwenye sehemu ya mkewe, na kuiacha yake ifutike.

"Nisamehe, mke wangu," alisema kwa upole. "Mimi sikulelewa na mama."