Jino la Bi Mwanakombo

Siku hizi mgonjwa na daktari wa meno wakivutana, wanaoamua ni wale wanaokula sahani moja na mgonjwa, kwa kunyoosha mikono. Bi Mwanakombo alitaka jino lake lizibwe, daktari akashikilia ling'olewe. Basi shauri likaletwa mkekani mbele ya mumewe na bintiye, daktari akisikiliza kwenye simu.

"Kitendawili," alisema Bi Mwanakombo, amechoka nao. "Nyumba yangu, funguo wanazo wapangaji."

"Mdomo wako," alijibu mumewe, akanyoosha mkono ling'olewe.

"Mama, kila siku tunakula wali laini wa mashendea kwa ajili ya jino moja," alisema binti yake Riziki, naye akanyoosha wake.

"Basi linang'olewa," alisema daktari. "Sasa, maadamu mmeshakaa, tuamue na meno yaliyobaki, yasije yakawasumbua."

Bi Mwanakombo aliwatazama mumewe na bintiye. Hakuna aliyeshusha mkono.