Bwana Warin Bado Anapumua

"...na viatu vyake vya tope, Mungu wangu, mpaka chumbani kwa mgonjwa!"

Hawise, mke wa baroni, hakujali kama Fulk kasikia. Siku ya tisa hii ofisa huyo wa mfalme anakuja kila asubuhi na swali lilelile: baroni kafa?

Na hapo ndipo penyewe. Baroni Warin akifa kabla mwanawe Walter hajatimiza miaka ishirini na moja, mfalme anachukua kila kitu: ngome, mashamba, na Walter mwenyewe, aozeshwe kwa yeyote mfalme amtakaye. Zilibaki siku mbili. Mbili tu! Lakini Hawise alichoka hadi macho yalimwasha kama yameingia mchanga.

Fulk akasogelea kitanda. Pazia lilifunguliwa kidogo tu, na dirisha limezibwa kwa ngozi, eti baridi isimmalize mgonjwa.

"Mzee Warin, bado tu unapumua?"

"Napumua ili kukukomoa," sauti ikakwaruza kutoka kwenye mablanketi.

Fulk akacheka, akavuta kigoda. "Mimi mgeni huku, sifa zako nazisikia kwa watu tu. Hebu nisimulie mlivyoiteka ile ngome ya Wales."

"Tulivuka mto kwa mashua..."

Hawise akakohoa.

"Kwa farasi, kwa farasi! Uzee huu, bwana. Tukakaa nje ya kuta wiki sita, mvua haikatiki, tukala mpaka farasi wenyewe. Halafu..." Kimya. Hawise akafumba ngumi mpaka kucha zikamchoma. "Halafu nimechoka, baba."

"Aa, mzee! Unaniacha hapohapo patamu?"

"Mwache apumzike," Hawise akasema.

Fulk akainuka shingo upande. "Haya, nitamwandikia mfalme: yu hai, na mdomo anao."

Akashuka ngazi kwa kishindo. Punde farasi wake akasikika akitoka langoni.

Hapo Hawise akaketi sakafuni. Mgonjwa akajifunua, akashuka kitandani.

"Bibi, niende sasa? Tanuri la mikate limeshapata moto na unga sijakanda."

"Rudi ulale, Odo. Mpaka keshokutwa baroni ni wewe." Hawise akapiga miayo. "Jinsi marehemu alivyoingia mle ngomeni nitakumalizia kesho, kabla Fulk hajafika."