Maua Pande Zote

"Ondoa ule mstari," ujumbe ulisema. "Pale anga inapokutana na ardhi."

Mpiga picha aliusoma mara mbili, akasukuma kiti nyuma kwa hasira. Jua linazama, halafu pasiwe na upeo wa macho! Si heri angeagiza kwa seremala meza isiyo na miguu?

Mteja mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mpole aliyefika studio mara moja tu. Aliagiza picha moja kubwa ya chumbani: machweo katika kiwanja cha maua ya mwituni, nyuma ya tangi la maji. Kazi ya jioni moja, mpiga picha alidhani. Na kweli, jioni ya kwanza alipata picha iliyomfanya atabasamu peke yake. Maua ya manjano na zambarau chini, jua jekundu juu yake. Aliiona tayari imetundikwa ukutani, wageni wakiuliza ni nani huyu fundi.

Mwalimu aliikataa. "Wekundu umezidi. Punguza, macho yasiumie. Kuna mtu ataitazama kutwa."

"Nani huyo mwenye nafasi ya kutazama picha kutwa?" mpiga picha alimwuliza mkewe. "Mimi hata uso wangu sijautazama tangu Jumatatu."

"Tumeona," mkewe alisema, akimtazama ndevu.

Alipunguza wekundu. Picha ikarudi: maua yasiwe chini peke yake, yazunguke pande zote nne, anga ibaki katikati. Alishinda kwenye kompyuta akinakili maua ya chini, akayapindua na kuyabandika juu. Ikawa kama kitambaa cha meza. Akaituma hivyo hivyo.

"Ya juu ni yale yale ya chini, umeyageuza," Mwalimu alijibu kabla chai haijapoa. "Tumegundua."

Tumegundua! Kumbe walikuwa wengi wanaomsumbua. Na sasa huu mstari. Tangu afungue studio hakuwahi kurudisha kazi ya mtu, lakini hii ilikuwa inamtoa jasho. Alipiga simu.

"Mwalimu, kesho asubuhi trekta linafyeka kile kiwanja. Imebaki jioni moja tu. Niambie unataka nini hasa."

Mwalimu alimwomba asubiri. Alisikika akimwuliza mtu kitu, taratibu. Hakuna aliyejibu.

"Lala chini katikati ya maua," alisema aliporudi. "Chali. Halafu upige."

"Nilale?"

"Tafadhali, baba."

Jioni hiyo alilala kiwanjani, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Siafu walimwingia kwenye kola. Maua yalimwinamia kutoka kila upande, na katikati yao anga iligeuka rangi ya waridi ikaanza kufifia. Alipiga picha huku akilaani siku aliyonunua kamera.

"Leo umelala zizini?" mkewe aliuliza, akimtoa nyasi kichwani.

Safari hii jibu lilikuwa fupi: "Ndiyo hiyo. Iwe na ukubwa wa kitanda."

Ijumaa aliibeba hadi nyumbani kwa Mwalimu, imebandikwa kwenye ubao mwepesi, nyundo na misumari mfukoni. Alikuwa amejiandaa kumpasha. Ukuta wowote atakaomwonyesha, angemwambia wazi kwamba picha ile ya kwanza ingependeza zaidi.

Mwalimu alimfungulia mlango wa chumbani. Kuta zote zilikuwa tupu. Ngazi ilikuwa imesimamishwa kando ya kitanda, na kitandani alilala mwanamume, chali, mikono imenyooshwa juu ya shuka, asiyegeuza chochote ila macho.

"Mume wangu, kiwanja chetu kimefika," Mwalimu alisema, kisha akamwonyesha mpiga picha dari.