Mti wa Dirishani

"Kama si wewe, ni nani aliyeumwagia mti wangu maji ya sabuni?"

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani yake, fundi cherehani, mkononi ana konzi ya majani makavu. Sauti yake, iliyozoea kunong'ona wodini, leo ilifika mtaa wa pili.

"Jirani, maji yangu ya kufulia namwagia huu wangu. Si unauona ulivyo?"

Hapo ndipo palipomuuma. Mche wa fundi, uliopandwa na mradi wa jiji, ulifika gotini tu, lakini ulichipua kwa raha zake. Wa muuguzi ulikuja mrefu kuliko mtu, umejaa majani. Miche ya mradi ilikuwa imekwisha kabla ya kufika kwake, na mdogo wake wa kiume, msimamizi wa upandaji, akamletea huo kesho yake na kuupanda kwa mikono yake chini ya dirisha la mama yao.

"Nimekuchagulia mwenyewe, dada. Mwagilia tu, usiuchokonoe shinani."

Mama alikuwa mgonjwa wa moyo, na chumba chake cha bati kilichemka mchana kama chungu. Ili mama apate kivuli, muuguzi alioga nusu ndoo, nusu nyingine akaupa mti. Majani yakakunjika vilevile, yakapukutika.

Alimpigia mdogo wake simu, karibu alie.

"Huyo jirani yako ana kijicho," alijibu bila kusita. "Mshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Ila usiung'oe, nitakuja kuuondoa mimi."

Basi wakawa paka na panya. Fundi, aliyezoea kukaa na mama na kumpepea wakati muuguzi yuko kazini, hakukanyaga tena pale. Mama alishinda peke yake kwenye joto, akimwulizia.

"Mwache huyo, mama. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mwenyekiti alipopokea mashitaka alitaka aletewe mti wenyewe. Mdogo wa muuguzi aliahidi kuja kuung'oa, hakuja, akaahidi tena. Jumamosi muuguzi alichoka kusubiri. Alilikumbatia shina, akamfikiria fundi, akavuta kwa hasira zake zote.

Lilitoka kirahisi mno, akaanguka chali nalo kifuani. Hapakuwa na mzizi hata mmoja. Lilikuwa tawi tu, limekatwa mshazari kwa panga.