Mtu wa Mwisho Melini

"Tulishuka sote salama," alisema mzungu jukwaani, na Mzee Marhoon akasimama.

Wanafunzi walikuwa wamejaa ukumbini mwa chuo cha Al Khoudh, Uarabuni, kusikiliza habari za zile meli zilizotia nanga nje ya mipaka ya Ulaya na kurusha redio bila kibali. Mzungu huyo alikuwa mtangazaji katika meli mojawapo. Marhoon, wakati huo kijana aliyetoka Unguja, alikuwa fundi wake wa mitambo.

"Kaa, Baba," bintiye alinong'ona. "Watu wanatutazama."

"Wache watazame! Nna miaka hamsini nimenyamaza."

Akashuka ngazi hadi mbele. Asubuhi moja ya dhoruba, miaka hamsini nyuma, mnyororo wa nanga ya meli yao ulikatika. Mtangazaji alimwambia abaki aombe msaada redioni wakati wengine wakishuka kwa mashua, ambayo ingerudi kumchukua. Haikurudi. Mlingoti wa redio ulianguka, meli ikajaa maji, na wavuvi ndio waliomwopoa.

Akakunjua kiganja chake mbele ya uso wa mzungu. Ngozi iling'aa kama nta, haina mstari hata mmoja. Waya wa mlingoti uliiunguza alipojaribu kuuunga tena ili sauti yake isikike.

"Waambie," alisema, sasa kwa Kiingereza. "Melini tulikuwa wangapi, na kwenye mashua mlipanda wangapi?"

Mzungu alikitazama kile kiganja. Kisha akageuza uso pembeni na kunong'ona, "Tulijua umo ndani."

Marhoon alichukua kipaza sauti na kumwekea mdomoni.

"Sema tena."