Lango la Bwawa

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakipiga kura, desturi ilikuwa kwamba baada ya uchaguzi hakuna anayekunywa mpaka mtawala mpya alifungue lango la miiba la bwawa. Mwaka huo Nyati alimpita Kifaru kidogo tu, na hakuna aliyefikisha nusu ya kura iliyotakiwa ili atawale. Wote wawili wakamkimbilia Kicheche, ambaye kwa kunuka kwake alichaguliwa na ndugu zake tu, lakini kura zake hizo chache zingempa ushindi yeyote atakayeungana naye.

"Leo unanukia, ndugu yangu," alisema Nyati.

"Juzi uliniita uvundo," alijibu Kicheche. "Hebu nisifu tena."

Wakabembelezana kivulini huku waliowapigia kura wakikaukwa na mate. Pundamilia akaja, mtoto wake hawezi tena kusimama.

"Waheshimiwa, mwanangu anakufa kwa kiu."

"Subiri, mama," alisema Kifaru. "Tunajadiliana kwa ajili yake."

Pundamilia akawageuzia mgongo, akaenda akalipiga lango mateke mpaka likaanguka. Wanyama wote wakapanga foleni kunywa.

Jioni waheshimiwa watatu wakaja wamekumbatiana.

"Tumeelewana," alitangaza Nyati. "Sasa tunalifungua lango."

Pundamilia alikuwa akimlamba mtoto wake, wala hakuinua kichwa.

"Foleni inaishia pale kwa Kobe," alisema. "Kasimameni nyuma yake."